Kuchangia kampeni ya Marekani ukiwa Tanga

Mdogo wangu wa Ngamiani, usitoe hizo dola 5 ambazo kampeni ya mgombea wa Marekani inakuomba kwa barua pepe. Jina lako juu ya barua hiyo limewekwa na kompyuta, mgombea hakujui. Hiyo "mwisho leo saa sita usiku" ni ya kukutia presha tu, na presha inalipa: mwaka 2012 barua moja ya kampeni ya Obama, iliyolalama kwamba atazidiwa matumizi, ilikusanya zaidi ya dola milioni 2.

Tena hata ukitaka, huruhusiwi. Sheria ya Marekani inakataza raia wa kigeni kuchangia, isipokuwa mwenye ukaazi wa kudumu. Kaka yako aliyeko huko, kama anao, sawa. Ila kwenye fomu ya kuchangia akague kisanduku kilichokwisha kuwekwa tiki, maana kadi inaweza kukatwa kila mwezi. Wewe barua hizo zitupe kwenye taka.