HT si dawa, ni joto
Una paleti (jukwaa la mbao la kubebea mizigo) yenye muhuri wa HT na unahofia kuwa imetiwa dawa? Shelfu ya jikoni tengeneza bila hofu. Herufi HT kwenye paleti maana yake mbao zilipashwa moto hadi moyo wa ubao ukafika nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, ndivyo ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia mizigo, inavyotaka. Ya kuikimbia ni MB: hiyo ilifukizwa kwa gesi ya methili bromidi, usiipige msasa wala kuichoma. Ila muhuri hausemi kilichomwagika juu yake baadaye. Yenye doa la mafuta au harufu ya dawa ya shamba iache, hata kama ni HT. Na joto halizuii bungua (wadudu watoboao mbao) wapya. Ukiona ungaunga mpya chini ya vitundu, usiiingize ndani. Baridi hii ya Arusha ya Juni na Julai, ubao ulionyeshewa hukauka polepole mno, usiuwahishie vanishi.