Mama anayumba akitembea: msimkalishe

Dada, umeuliza kama mumkataze mama yako wa miaka 74 kutembea peke yake na kufanya kazi za ndani, maana siku hizi anayumba na juzi nusura aanguke bafuni. Nakuomba sana, msimkalishe. Namlea baba yangu, ameshavuka themanini, na kaka zangu walitaka hivyo hivyo kwa mapenzi mema kabisa: maji aletewe, viatu avishwe, akiinuka tu mtu keshamshika mkono. Mzee akikaa kutwa, misuli ya mapaja na ya vifundo vya miguu inalegea, na hiyo ndiyo inayomdaka anapojikwaa. Hofu nayo inaingia, anaanza kuburuta miguu, hapo anajikwaa zaidi.

Kabla ya zoezi lolote mpelekeni hospitali. Mwili husimama imara kwa msaada wa macho, sikio la ndani na hisia za nyayo. Mtoto wa jicho, kisukari kilichotia ganzi miguuni, dawa za presha au za usingizi, vyote vinaweza kumyumbisha. Ombeni apimwe presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Ya baba ilikuwa inashuka mno akisimama. Daktari akambadilishia dawa, na sasa hukaa kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kuinuka. Lakini kama kuyumba kumeanza ghafla, upande mmoja umelegea au maneno hayatoki vizuri, hiyo ni dharura, msisubiri kukuche.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni kukaa na kusimama. Tumia kiti cha mbao kilichoegemezwa ukutani, si kochi, kochi linadidimia. Avute nyayo nyuma kidogo, ainamishe kifua mbele, asimame, kisha akae polepole. Hapo kwenye kukaa msimamieni vizuri, kwa sababu wazee wengi hujibwaga, na kushuka taratibu ndiko kunakojenga mapaja. Mwanzoni ashike mikono ya kiti, baadaye mmoja, mwisho asishike kabisa. Kama magoti yanamuuma, ongezeni urefu wa kiti kwa mto mgumu.

Mengine afanye ameshika sinki la jikoni au meza nzito: kunyanyua visigino, kutembea kiubavu, kusimama mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole. Lengo hapo ni sekunde 10. Akishaweza, ajaribu mguu mmoja. Wewe simama karibu naye bila kumshika. Najua roho inaruka, lakini zoezi lisilomtikisa hata kidogo halimfundishi mwili kujirudisha. Apunguze kushika taratibu: kiganja, vidole viwili, kidole kimoja.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi kama haya ya kusimama bila kuyumba, pamoja na ya kuongeza nguvu, siku 3 au zaidi kwa wiki. Mapitio makubwa ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, ya 2019, yalikuta kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa asilimia 23 hivi. Kutembea tu bila mazoezi haya hakutoshi, ingawa ni kuzuri. Baba tulimpangia wakati anaposubiri chai ya asubuhi, hivyo hakuna wa kumkumbusha. Alikuwa ameshaanza kuswali kitini. Sasa anarukuu akiwa amesimama, ila kusujudu bado ni kitini.

Bafuni, tupeni kandambili zilizolika, mnunulieni viatu vyenye mkanda nyuma. Fundi akaze bomba la chuma ukutani karibu na choo, likazwe kwenye tofali hasa, si kwenye marumaru tu. Njia ya chooni iwe na taa usiku kucha. Ukishapata vile vipimo viwili vya presha, viandike hapa pamoja na dawa anazotumia, nikueleze maswali tuliyomuuliza daktari wetu.