Mjomba, nauza hisa, siuzi nyumba

Mjomba, shikamoo. Jana kijana wa dada kaweka kwenye kundi la ukoo picha ya tangazo: chumba na sebule, Jackson Heights, New York, dola 340,000. Ukaandika chini yake, "Kumbe tuna tajiri na hatujui," halafu ukauliza kwa nini nauza badala ya kupangisha, kodi ikawa inakuja Tanga kila mwezi. Najibu hapahapa, na wengine wasome.

Ile nyumba si yangu kwa maana unayoijua wewe. Jengo zima ni mali ya kampuni ya ushirika, mithili ya vile vyama vya kahawa vya enzi zenu, ila zao la huku ni kuta. Nilichonunua mwaka 2016 ni hisa, na hisa hizo ndizo zinanipa haki ya kukaa ghorofa ya nne. Hati ya nyumba sina. Nina cheti cha hisa na mkataba wa kukaa, basi.

Wenye hisa huchagua bodi, na bodi ndiyo mwenye nyumba hasa. Inapanga ada ya mwezi: yangu dola 870, humo mna kodi ya jengo, mvuke wa kupashia vyumba wakati wa baridi, maji ya moto na mshahara wa msimamizi. Nailipa juu ya rejesho la benki. Kupangisha nako ni kwa ruhusa yao. Jengo letu linakupa miaka miwili tu, na mpangaji lazima wampitishe. Yangu niliimaliza nilipokwenda kufanya kazi Boston. Kwa hiyo hata yule kijana uliyesema nimweke humo akae peke yake, hawezi.

Siku ya kunihoji mimi ndiyo sisahau. Watu watano, meza ya kukunja, chumba cha chini karibu na mashine za kufulia, taarifa zangu za benki mbele yao zimepigwa mistari ya kalamu ya njano. Mama mmoja akaniuliza hizi dola 4,000 zilizoingia kwa mkupuo zimetoka wapi. Zilikuwa za upatu! Jaribu kumweleza mtu wa huku kwamba wanawake wanane na wewe mwanamume mmoja mnachangishana kila mwezi, hakuna karatasi wala riba, na hakuna anayekimbia. Akauliza tena hii inayokwenda Tanzania kila tarehe tano ni deni gani. Nikamwambia ni mama yangu. Akaandika kitu, hakusema neno.

Mtaa wenyewe ni mzuri, sitakudanganya. Edward MacDougall na kampuni yake ya Queensboro Corporation waliujenga kwenye mashamba, treni ikafika mwaka 1917, na majengo yakapangwa kuzunguka bustani za ndani. Zamani hizo Weusi na Wayahudi hawakuuziwa humu. Leo ukishuka Mtaa wa 74 unapishana na Wabangladeshi, Wanepali na Wakolombia, na bamia, hiliki na nyama ya halali napata bila kupanda basi. Ila tangu 1993 eneo limelindwa kama la kihistoria, hivyo hata dirisha la mbele hubadilishi bila kibali cha jiji. Nilikaa majira mazima ya baridi nimeziba ufa kwa gundi ya karatasi. Na bustani yetu ni ya kutazama. Mama alipokuja alisimama dirishani siku ya kwanza akauliza mbona ardhi yote ile hawapandi hata mchicha.

Sasa hesabu, maana najua ndipo macho yako yalipo. Katika hizo 340,000, benki inadai 188,000. Dalali anachukua 17,000. Kodi za mauzo za jiji na jimbo ni 4,760. Jengo lenyewe linakata asilimia 2 kwa kila anayeuza, yaani 6,800, na wakili 3,000 hivi. Inabaki kama laki moja na ishirini, na 58,000 kati yake ni zangu nilizotanguliza wakati wa kununua, jasho la zamu za usiku. Binti yangu ana miaka minane na bado analala sebuleni. Pesa hiyo ndiyo kianzio cha vyumba viwili, mbali zaidi na treni. Ghorofa la Tanga halimo.

Tena haijauzwa. Mteja yupo, lakini naye atahojiwa mwezi ujao, na bodi inaweza kumkataa bila kutoa sababu, nikaanza upya. Kwa hiyo yule dalali wa kiwanja cha Kange, hapo Tanga, mwambie asinisubiri. Dawa za mama natuma tarehe tano kama kawaida.