Vidanji ya nyumbani: mafuta yaliyobaki tuyafanyie nini?

Watu wengi wa Goma sasa wanajifanyia wenyewe vidanji, yaani kubadilisha mafuta ya injini, kwenye parseli (uwanja wa nyumbani), iwe ya gari, ya pikipiki au ya jenereta. Maswali mliyoniletea karibu yote yanauliza kitu kimoja: yale yanayobaki yawekwe wapi, na yanafaa kwa kazi gani? Kabla sijajibu, naomba mtenganishe mabaki mawili. Kuna mafuta safi yaliyobaki ndani ya kopo, na kuna mafuta meusi yaliyotoka ndani ya injini. Yale ya kwanza ni mali. Haya ya pili ni sumu, na hata siku moja yasikutane na yale ya kwanza katika chombo kimoja.

Nina Toyota Corolla. Kila vidanji nanunua kopo la lita 5, na zaidi ya lita 1 inabaki. Naweza kuyaweka muda gani? (Baba wa Himbi)

Injini ya Corolla aina ya 1NZ-FE inachukua kama lita 3.7 pamoja na filta mpya, kwa hiyo kila kopo linakuachia lita 1.3. Makopo matatu yanakupa lita 3.9. Maana yake vidanji ya nne hununui mafuta, mradi uwe umenunua aina ile ile kila mara.

Watengenezaji wengi huhesabu miaka 4 hadi 5 kwa kopo ambalo halijafunguliwa. Likishafunguliwa, mimi singependa lipite miaka 2. Ukifanya vidanji kila baada ya miezi 6, unabaki ndani ya muda huo.

Adui yako ni maji na vumbi. Kopo lililowekwa chini ya bati linapata joto mchana, hewa ya ndani inapanuka na kutoka. Usiku baridi inaingia, hewa inasinyaa, na kama kizibo hakikukazwa kopo linavuta hewa mbichi ya nje. Unyevu unaingia hivyo kidogo kidogo, bila tone la mvua kuligusa. Basi pangusa mdomo wa kopo kwa kitambaa safi, maana mchanga wetu wa volkano ni mkali na hauna kazi ndani ya injini. Kaza kizibo, andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito, liweke wima ndani ya nyumba, mbali na jiko la makala na mbali na watoto. Usiyahamishe kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya mafuta ya kupikia. Kopo la asili ndilo linalokuambia una nini mkononi.

Nimebaki na nusu kopo ya 20W-50, robo ya 15W-40 na kidogo cha 10W-40. Nikichanganya, injini itakufa?

Haitakufa. Mafuta yenye alama halali ya API, alama ya ubora wa mafuta ya injini, yanatakiwa yaweze kuchanganyika bila kuganda wala kujitenga. Shida ni kwamba baada ya kuchanganya hujui tena uzito wake, yaani namba kama ile 20W-50, wala dawa zilizomo zimebaki na nguvu gani. Mchanganyiko huo usiupeleke kwenye dizeli yenye turbo au gari jipya. Upeleke kwenye jenereta ndogo: injini kama Honda GX160 inahitaji lita 0.58 tu, na mabaki yako yanatosha. Ila mafuta ya breki, ya giaboksi, au yale ya kuchanganya na petroli, usiyatie humo hata kijiko.

Mimi ni motari (dereva wa pikipiki ya abiria) wa Ndosho. Kaka yangu ananiachia mafuta ya gari yake yanayobaki. Niweke kwenye moto (pikipiki) yangu?

Soma kwanza nyuma ya kopo, mdogo wangu. Tafuta maandishi JASO MA, MA1 au MA2, alama ya Kijapani ya mafuta yanayofaa klachi ya pikipiki. Ukiyaona, na uzito ni ule unaotajwa na kitabu cha moto yako, weka bila hofu. Usipoyaona, acha. Klachi ya moto zetu nyingi inaoga ndani ya mafuta yale yale ya injini, tofauti na ya gari. Mafuta mepesi ya magari ya siku hizi, kama 0W-20 na 5W-30, mara nyingi yana dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Utaipanda moto, utavuta gesi, injini italia na moto haiendi.

Hayo ya kaka yako tumia kwenye mnyororo baada ya kuusafisha, kwenye bawaba za lango, kwenye kufuli, na kupaka jembe na panga zisishike kutu. Cherehani ya mama usiiguse, inataka mafuta yake mepesi.

Nitajuaje kama kopo la zamani limeingia maji?

Ukiyaona yamekuwa kama maziwa, yametosha kukuambia. Yakiwa bado yanaonekana safi, pasha kipande cha bati nje, kiondoe motoni, kisha dondosha tone moja juu yake na usogeze uso mbali. Mafuta makavu yanatoa moshi kimya kimya. Yenye maji yanapasuka na kulia. Yakilia, yahesabu pamoja na mafuta meusi.

Tunajenga nyumba ya mbao huku Mugunga. Fundi anasema tupake mafuta meusi kwenye mbao za chini ili mchwa wasile. Tupake? (Mama wa watoto wanne)

Mama, hapana, na ninakuomba umweleze fundi sababu. Najua desturi hii ni ya siku nyingi. Ukipita mitaani unaziona mbao nyeusi mpaka urefu wa goti, na mchwa kweli wanazikwepa kwa muda. Lakini simama karibu na ukuta ule mvua ikinyesha. Tone linaloshuka kwenye ubao lina utando wa rangi rangi juu yake, linadondoka kwenye mchanga, na pale pale ndipo watoto wanapochezea. Baada ya misimu michache dawa ya mchwa imeisha, uchafu umebaki ardhini.

Mafuta yaliyotumika yana vumbi la vyuma vilivyosagika, zinki, na masizi yenye kemikali mbaya. Majaribio kwa wanyama yameonyesha kwamba yanaleta kansa ya ngozi. Mtoto anaegemea ukuta huo, kisha anakula bila kunawa. Na ubao uliokunywa mafuta unashika moto upesi. Sisi wa nyumba za mbao zilizobanana tunajua moto unavyoruka.

Mawe ya volkano unayo tele. Inua ubao wa kwanza juu ya msingi wa mawe na saruji, uwe juu ya udongo, mahali unapoweza kuona njia ya mchwa ikianza kupanda na kuibomoa kwa fimbo. Nje paka rangi. Inagharimu zaidi leo, najua, lakini nyumba utalala humo na wanao.

Basi yale meusi niyamwage wapi?

Popote utakapoyamwaga Goma, umeyamwaga ziwani. Sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya lava, na lava ya mwaka 2002 ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu. Mwamba ule una nyufa na matundu, na udongo wa kuchuja ni mwembamba au haupo. Maji ya ziwa hilo ndiyo tunayoteka kwa bidoni (dumu), ndiyo yanayopandishwa kwenye mabomba, na yakifika Bukavu yanashuka na mto Ruzizi. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linasema galoni 1 ya mafuta haya inaweza kuchafua galoni milioni 1 za maji safi.

Yakusanye kwenye bidoni moja yenye kizibo, iandike kwa herufi kubwa SUMU, na usichanganye petroli wala maji ya rejeta (ya kupoza injini). Bidoni hiyo isirudi kamwe kutekea maji, hata ukiiosha kwa sabuni na mchanga: plastiki imeshayanywa. Mkiwa majirani watatu au wanne, kusanyeni pamoja, kisha ongeeni na garaji kubwa au mwenye malori. Kabla hamjamwachia, muulizeni yanakwenda wapi. Akisema anawapa watu wa kuwashia moto, tafuteni mwingine. Tanuru la saruji linapita nyuzi 1,400 na linaweza kuyaunguza vizuri. Jiko la mtaani linayageuza kuwa moshi wa kuvuta. Na kama ni kuyamwagia barabara ili vumbi litulie, jibu ni lile lile: hapana.

Unapoyashika, vaa glavu. Ukichafuka nawa kwa sabuni, si kwa petroli.

Mbuzi wangu ana upele. Jirani anasema nimpake mafuta ya vidanji.

Usimpake. Sumu inapita kwenye ngozi, na anachobaki nacho analamba. Mpeleke kwa daktari wa mifugo umuulize dawa ya ivermectin, na yeye akupe kipimo.

Na makopo matupu?

Yaache yamechuruzika kichwa chini usiku mzima juu ya bidoni ya mafuta meusi, kisha yatoboe kwa kisu upande na ukate lebo. Kopo zima lenye kizibo chake ndilo analolitafuta muuzaji wa mafuta bandia.