Barua kwa mwanangu: huyo mama Catt katokea nyumba gani

Mwanangu,

Meseji yako ya juzi usiku nimeisoma, eti kila siku unapita mlangoni pale Catt Hall, lile jengo la chuo chenu hapo Ames, Iowa, ukienda darasani na hujui huyo Carrie Catt alitokea familia gani, ya hela au ya kawaida, alikuwaje mwalimu akaishia kuwa kiongozi wa wanawake waliodai haki ya kupiga kura Marekani nzima, na sasa wenzako wamekuletea karatasi ya kusaini jina lake litolewe kwenye jengo kwa ajili ya maneno yake ya kibaguzi. Nimeamua nikuandikie maana kwenye simu tutabishana tu halafu utasema mtandao unakata.

Babake aliitwa Lucius Lane. Asili yao New York, sio ile ya maghorofa, ile ya juu kaskazini ya wakulima. Lucius aliwahi kwenda California kipindi watu wanakimbilia dhahabu, akarudi, akamuoa Maria Clinton wakahamia Ripon, Wisconsin, na Carrie kazaliwa hapo 1859, mtoto wa kike peke yake katikati ya wavulana wawili. 1866 wakahamia Iowa, nje kidogo ya Charles City, mzee akajenga nyumba ya matofali mekundu ambayo mpaka leo ipo, wameifanya makumbusho, ni masaa mawili na kidogo tu kutoka kwetu Des Moines. Kwahiyo maskini hawakuwa, walikuwa na ardhi yao, ila matajiri pia hapana.

Sasa mimi mtu anayenivutia pale ni mamake. Maria alisoma chuo cha wasichana kule Massachusetts, Oread, enzi ambazo msichana kwenda chuo ilikuwa kitu cha ajabu. Mwanamke amesoma kuliko majirani wengi wanaume, halafu ikaja siku ya uchaguzi wa rais wa 1872, Grant anashindana na Greeley, nyumba nzima wapo upande wa Greeley, baba anavaa kwenda kupiga kura, hata kibarua wa shambani anavaa, mama yupo na nguo za kazi. Carrie ana miaka 13 akauliza, mama mbona huvai, si unaenda kupiga kura? Wakacheka wote! Baba akamwelezea kwamba kura ni jambo zito mno haliwezi kuachiwa wanawake. Carrie mwenyewe alikuwa anaisimulia hii mpaka uzeeni, na mimi naamini kila kitu kilianzia kwenye kile kicheko, zaidi ya vitabu vyote alivyosoma baadae.

Chuo ndo hicho hicho chako, Iowa State, kaingia 1877. Baba alikuwa hataki, akakubali kwa kusuasua kutoa dola 25 tu kwa mwaka, hela ambayo haitoshi hata kidogo, kwahiyo binti akawa anaosha vyombo kwa senti 9 kwa saa, akapanda cheo kidogo kwenda maktaba senti 10, na likizo anafundisha shule za vijijini. Hapo chuoni kulikuwa na chama cha mijadala ambacho wasichana wanakaa wanasikiliza tu, hawaruhusiwi kuhutubia, yeye kasimama kaongea na ndo utaratibu ukabadilika. 1880 kamaliza, mwanamke peke yake kwenye darasa lao. Ukilalamika shift za cafeteria nakukumbusha hii.

Akawa mkuu wa sekondari Mason City, na 1883 wakamfanya msimamizi wa shule zote za mji, yaani kama afisa elimu kwetu nyumbani, ana miaka 24! Halafu 1885 kaolewa na Leo Chapman, mhariri wa gazeti la pale mjini, na kazi ikaisha hapo hapo, maana mwalimu mwanamke akiolewa anaacha. Mimi nilifundisha darasa la nne Dodoma na mimba yako ya miezi minane na hakuna aliyenigusa, huwa nafikiria hilo. Mwaka uliofuata Leo akaenda California kutafuta kazi, akapata homa ya matumbo, mkewe akapanda treni kumfuata na kabla hajafika mume kafariki. Akabaki San Francisco anahangaika na kazi za magazeti, kisha akarudi Iowa akajiunga na chama cha wanawake wanaodai kura. Ndo hivyo ualimu ulivyogeuka siasa, hakukuwa na mpango wowote mkubwa, alikuwa mjane anayejua kupanga watu na kuongea mbele yao. 1890 akaolewa tena na George Catt, injinia waliyejuana chuoni, huyu alikuwa na hela na alimuacha afanye kazi yake.

Mambo ya uongozi utayasoma mwenyewe, kachukua chama cha kitaifa cha wanawake wanaodai kura kutoka kwa Susan B. Anthony 1900, akaacha, akarudi 1915. Ila la Tennessee lazima nikuambie kwa sababu linahusu barua ya mama. Agosti 1920 yalihitajika majimbo 36 kuridhia Marekebisho ya 19 ya Katiba, yale ya kuwapa wanawake kura, yapo 35, imebaki Tennessee, na bungeni kwao kura zinagongana. Kulikuwa na mbunge kijana wa miaka 24, Harry Burn, kavaa ua jekundu la wapinzani, kumbe mfukoni ana barua ya mamake Febb, ina habari za nyumbani weee, na katikati mama anamwambia awe mtoto mzuri amsaidie Bi Catt. Kijana akasema ndiyo. Kesho yake akajitetea kwamba ushauri wa mama ndo salama zaidi kwa kijana kuufuata. Nimekuwekea tu hapo.

Sasa la karatasi yako. Wenzako hawazushi. 1890 kura ya wanawake ilipigwa chini na wapiga kura wa South Dakota na Catt akawalaumu wahamiaji, na 1894 akahutubia kwamba kura za mitaa ya maskini zikatwe wapewe wanawake. Wahamiaji, yaani watu kama mimi na baba yako. Na 1917, akiwabembeleza wabunge wa Kusini, aliandika kwamba utawala wa wazungu utaimarishwa na kura ya wanawake, hautadhoofishwa. Wapo wanaomtetea kwamba ilikuwa hesabu tu, alikuwa anawajibu kwa lugha yao, na kweli baadae alifanya kazi ya amani na mwaka 1933 akawapigania wakimbizi wa Kiyahudi wa Ujerumani. Lakini mwalimu anajua anachoandika. Mwanamke mweusi wa Mississippi alisubiri mpaka sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965 ndo akapiga kura yake bila kufukuzwa, hiyo ni miaka 45 baada ya sherehe ya 1920.

Mimi ningekuwa wewe nisingesaini kulitoa jina, ila ningeandika karatasi yangu kwamba yale maneno ya 1917 yawekwe ukutani pale mlangoni, makubwa, pembeni ya picha yake, kila mwanafunzi ayasome akiingia. Ukiamua tofauti sitakununia, wewe ndo unapita hapo kila siku.

Charles City twende wote mwezi wa sita makumbusho yakifunguliwa. Na baba yako anauliza zile tairi za snow umeshabadilisha au bado.

Mama