Kabla ya kuhesabu karata, soma meza

Watu wakisikia kwamba mimi hucheza blackjack, mchezo wa kasino wa kukaribia 21 bila kuivuka, kwa kuhesabu karata huku New Jersey, Marekani, swali lao ni lile lile: unazikumbukaje zote? Sikumbuki hata moja. Nabeba namba moja tu kichwani. Ikitoka karata ya 2 hadi 6, naongeza moja. 7, 8 na 9 naziacha zipite. Ikitoka 10, ghulamu, malkia, mfalme au A, natoa moja. Namba ikipanda, ujue ndogo nyingi zimeshatoka na kubwa zimebaki, na kubwa ndizo zinazokupa blackjack, yaani A pamoja na karata ya thamani ya 10 kwenye karata zako mbili za kwanza, na kumfanya mgawaji avuke 21. Hapo unapandisha dau. Tangu mwanahisabati Edward Thorp aeleze katika kitabu chake cha mwaka 1962 kwamba kasino inaweza kushindwa kwa kuhesabu karata, si siri tena.

Mazoezi ni ya nyumbani. Chukua pakiti ya karata 52, zifunue mbili mbili. Mfalme na 5 zinafutana, usihesabu kitu. 4 na 6, ongeza mbili. Ukimaliza pakiti lazima uwe umerudi kwenye sifuri. Mimi sikukaa mezani mpaka nilipoweza kuimaliza ndani ya nusu dakika huku redio ikipiga kelele. Kwenye kasino pakiti huwa sita au nane, kwa hiyo unagawanya namba yako kwa pakiti zilizobaki: 8, zikiwa zimebaki pakiti nne, ni 2 tu, zikibaki mbili, ni 4. Zilizobaki unazikadiria kwa jicho, kwa kutazama urefu wa rundo la zilizotumika.

Haya yote mtu mwenye bidii atayajua. Wengi huliwa kwa sababu wamekaa meza mbovu. Kabla hujavuta kiti, soma maandishi kwenye kitambaa cha meza. Ukiona blackjack inalipa 3 kwa 2, dau la dola 10 linakupa dola 15. Ukiona 6 kwa 5, linakupa 12. Dola tatu zinaonekana si kitu, lakini blackjack huja takriban mara moja katika kila mikono 21 unayogawiwa, na tofauti hiyo inakula karibu asilimia 1.4 ya pesa zote unazoweka. Mhesabuji mzuri, kwenye meza nzuri, faida yake ni kama asilimia 1. Piga hesabu mwenyewe.

Kisha tazama mgawaji anachomeka wapi ile karata ya plastiki ya kukatia, inayoonyesha ugawaji utakomea wapi. Akiichomeka katikati, atachanga upya kabla namba yako haijakomaa. Mimi hutaka pakiti zisizochezwa ziwe moja na nusu kati ya sita, zisizidi. Na meza yenye mashine inayorudisha karata ndani kila baada ya mkono, pita kama hujaiona.

Wale wanaocheza kwenye simu, hasa ndugu zangu wa nyumbani mnaouziwa "mbinu" Telegram: programu nyingi huchanga upya kila mkono, hakuna cha kuhesabu. Anayekuuzia mbinu hiyo anakula pesa yako kabla hata kasino haijaigusa.

Mtaji nao. Dau la wastani la dola 25, mikono 80 kwa saa, faida ya asilimia 1: unatarajia dola 20 kwa saa. Lakini katika saa hiyo hiyo kupoteza dola 300 ni jambo la kawaida kabisa. Pesa ya kodi ya nyumba isiguse meza hii.

Kuhesabu kwa kichwa chako si kosa kisheria. Kutumia simu au kifaa kukusaidia, katika jimbo la Nevada, kwenye Las Vegas, ni jinai, usithubutu. Huko Nevada pia kasino inaweza kukuambia uondoke, na ukirudi umeingia bila ruhusa. Kasino za Atlantic City, mji wa kasino wa huku New Jersey, haziwezi kukutimua kwa kuhesabu tu, shukrani kwa kesi aliyoshinda mhesabuji Ken Uston mwaka 1982, lakini njia wanazo: unapandisha dau, msimamizi anamnong'oneza mgawaji, karata zinachangwa papo hapo. Likitokea hilo mara mbili mfululizo, mimi hukusanya chipu zangu, nampa mgawaji bakshishi yake, na kwenda kutafuta meza nyingine.