Mrusha mpira wa kasi anadumu miaka mingapi?
Yaya, umeuliza kama mrusha mpira wa kasi kwenye kriketi anaweza kufika miaka 40 bado anacheza. James Anderson wa Uingereza alifika. Alianza mechi za Test, zile za kimataifa za hadi siku tano, 2003, akaziaga Julai 2024 pale uwanja wa Lord's, London, akiwa na miaka 41: mechi 188, wiketi 704, yaani wapigaji aliowatoa. Lakini huyo usimfanye kipimo! Dale Steyn wa Afrika Kusini, mwenye kasi kumshinda, mfupa wa bega ulivunjika 2016 kule Perth, Australia, katikati ya kurusha. Akaacha Test 2019 na wiketi 439. Mimi nilijaribu mara moja na vijana wa Kihindi nyuma ya duka hapa Lubumbashi. Mipira sita tu, kesho yake nikawa nashuka ngazi kinyumenyume.